Kozi Saba Haijapokelewa

Basi lilipofika lango la Ilangwe nilimwona mlinzi hana bunduki, ana kifaa cha kukagua tiketi, nikajua kweli tumestaafu.

"Afande, unaona mambo?" nilimwambia Meja Chilongola, aliyeketi kando yangu na fimbo yake katikati ya magoti. "Kambi yako sasa inaingiwa kwa tiketi."

"Ingekuwa yenu Wanyamwezi ingeingiwa kwa mzigo kichwani," alijibu bila kugeuka. Sisi ni watani tangu nilipokuwa kuruta na yeye kamanda, na uzee haujampunguzia mdomo hata kidogo.

Tulikuwa wazee wachache ndani ya basi lile, mabaki ya Kikosi cha Uokoaji wa Anga: marubani wawili watatu, watu wa redio, wapishi, na mimi Nyamizi Kapufi, Sajini mstaafu, fundi wa ndege. Kambi yetu ya zamani ilikuwa imegeuzwa makumbusho ya anga, na wenye makumbusho walituomba kila mmoja aje na kitu cha kuwekwa kwenye kabati la kioo. Wengine walibeba kofia, wengine picha. Mimi nilibeba kwenye mkoba pini tatu za chuma zenye utepe mwekundu uliopauka, na sikuwa na hakika kama ningekubali kuziacha.

Pini hizo ni hivi. Ndege ikiwa imelala, pini zinachomekwa kwenye miguu yake mitatu ili isijikunje. Ikitaka kuruka, fundi anazichomoa, anamwonyesha rubani utepe, anazitia mfukoni. Zitakaa mfukoni mwa fundi yule yule mpaka ndege irudi. Haziwekwi mezani, haziazimishwi. Ukimwona fundi anakula ugali huku utepe mwekundu unaning'inia mfukoni, hukuwa na haja ya kumuuliza, ulijua ana mtu angani.

Mtu wangu alikuwa Kapteni Lwitiko Mwasandube, rubani wa ndege yetu Kozi Saba. Aliruka kwenda deltani wakati wa Mafuriko Makubwa na hakurudi Ilangwe.

* * *

Banda la ndege lilikuwa lilelile, ila sakafu imepakwa rangi na mahali pa mapipa ya oili wameweka viti vya wageni. Msimamizi wa makumbusho, mwanamke wa makamo aitwaye Apaikunda, alitupokea kwa shikamoo za heshima na maji ya kunywa. Nilimpenda, mpaka nilipoiona ndege.

Kozi Saba ilisimama katikati ya banda inang'aa kama sufuria ya harusi. Kwenye miguu yake mitatu walikuwa wametundika tepe nyekundu mpya, pana, zenye pindo la dhahabu.

"Nani kachomeka pini hapa?" niliuliza.

"Siyo pini, mama, ni mapambo. Tumezifunga kwa uzi tu. Wageni wanapenda rangi."

"Zitoeni."

Apaikunda alimtazama Meja, Meja akatazama dari. Nikainama mwenyewe, magoti yakilalamika, nikafungua uzi mguu mmoja baada ya mwingine. Nilipoinuka nilimkuta msichana wa miaka ishirini na kitu amesimama karibu, ameshika tepe nilizokwisha kuzitupa chini. Alikuwa na paji la uso pana na macho yanayokutazama kabla mdomo haujaamua kusema. Ningemtambua hata sokoni.

"Shikamoo. Wewe ndiye Fundi?" aliuliza. "Naitwa Tusekile. Tusekile Mwasandube. Mama alikuwa akinisimulia habari zako."

Nilimjibu marahaba. Lwitiko alipokufa mke wake alikuwa mjamzito wa miezi mitano, baadaye akahamia kwao Tukuyu, nasi tukapoteana.

"Huja kila Jumamosi," Apaikunda alinieleza. "Tumempa kiti chake mbele. Subirini, tunaanza."

Taa zikapungua. Ndani ya ndege kitu kikaanza kunguruma kwa upole, na sauti ya Lwitiko ikatoka.

"Ilangwe, Kozi Saba hapa. Naona taa zenu. Nyie watu mmeshakula au mmenisubiri?"

Nilimshika Meja mkono. Hakuwa amefundishwa maneno hayo na mtu. Hivyo ndivyo Lwitiko alivyokuwa akisema kila jioni, na sisi huku chini kila jioni tulikuwa tumeshakula. Sauti ikaendelea: upepo wa kushoto, anapunguza mwendo, anashusha miguu, anacheka kidogo kwa kujiona hodari. Viti vilitikisika magurudumu yalipogusa ardhi isiyokuwepo. Wageni wakapiga makofi. Tusekile hakupiga. Alikuwa amefumba macho, anatabasamu.

Kabla makofi hayajaisha nilisikia silabi moja kutoka kwenye ndege, "Fun...", na sauti ikakatwa.

"Mmekata nini?" nilimuuliza Apaikunda.

"Kuna hitilafu pale mwishoni, mama. Anarudiarudia maneno. Huwa tunazima spika."

"Watoe wageni," nilisema. "Halafu washa."

* * *

Vijana wa siku hizi wanaporuka na mashine zao zinazojiendesha hawajui pacha alikuwa nani. Kila rubani wetu alivaa kofia yenye nyuzi, na mbele ya kiti chake palikuwa na chombo cha mviringo, chenye joto, tulichokiita yai. Ndani ya yai mlikuwa na fahamu changa isiyojua chochote. Rubani akiruka, yai linatazama. Baada ya mwaka mmoja au miwili linaruka kama yeye, linasema kama yeye, linakohoa kama yeye. Huyo ndiye pacha. Rubani akizimia angani, pacha anaileta ndege nyumbani. Hakuandikwa, alikuzwa, kwa hiyo hakunakiliwa. Palikuwa na mmoja tu.

Jioni, ndege ikirudi, ilipokelewa. Pacha anamuuliza fundi kama pini anazo. Fundi anajibu kuwa anazo. Fundi anamuuliza ameleta nini, pacha anaeleza hali ya ndege na hali ya watu, na hapo fundi haruhusiwi kumdanganya pacha wala pacha fundi. Kisha fundi anasema, "Nimekupokea," anachomeka pini, na pacha anafunga safari. Anamwachia rubani aliyojifunza, anatulia. Kesho yake kofia ya rubani ndiyo inayomwamsha. Pacha ambaye rubani wake amekufa, akishafunga safari, hakuna wa kumwamsha tena.

Siku ile, Kozi Saba ikiwa angani, maji yaliifunika Ilangwe tukahamishwa. Bati lililopeperushwa na upepo lilipasua kioo cha Kozi Saba na kumkata Lwitiko shingoni. Pacha akaichukua ndege na watu waliookolewa waliokuwa ndani, akaenda kutua kiwanja kidogo cha Mkunde, mbali nasi. Redioni tulisikia neno moja: imetua. Tulilia kwa sababu ya Lwitiko, na hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba kutua siyo kupokelewa. Kule Mkunde palikuwa na daktari na askari wa miguu, watu wasiojua mambo ya pini. Walitoa mwili, wakakata umeme. Kukata umeme ni kumfumba macho tu; umeme ukirudi, anaendelea alipoishia.

Basi spika zikawashwa, tukawa watu wanne mbele ya ndege: mimi, Meja, Apaikunda na Tusekile. Magurudumu yakagusa ardhi. Safari hii hakuna aliyepiga makofi.

"Fundi," ilisema sauti ya Lwitiko, na sasa haikuwa na kicheko. "Fundi, ita gari la wagonjwa. Rubani hajibu. Abiria wote wazima, ila rubani hajibu. Fundi, pini unazo?"

Kimya.

"Fundi, pini unazo?"

Mkono wangu ulikuwa ndani ya mkoba, umezikamata. Nilishindwa kufungua mdomo.

"Sijapokelewa," sauti ikasema. "Nazunguka tena."

Na ndani ya yai mngurumo ukapanda, ndege iliyosimama sakafuni ikaondoka upya kwenda kuitafuta Ilangwe.

* * *

Tulitoka nje, tukakaa kwenye benchi la saruji ambapo zamani tulikuwa tukinawia mikono. Apaikunda ndiye aliyeanza.

"Mama, kabla ya kufungua, wataalamu walikuja kumpima. Walisema ni mazoea tu yamebaki. Hakuna anayehisi kitu mle ndani."

"Walimpima," nilisema, "au walimuuliza?"

Siyo mtu mbaya Apaikunda. Alikuta kitu kinachosema, akakifanya kiseme vizuri mbele ya watoto wa shule, na kile kisichopendeza akakizimia spika.

"Ukimpokea, ndiyo basi?" aliuliza.

"Ndiyo basi."

"Nyamizi," alisema Meja, na ni mara chache huniita jina. "Tusiwe na haraka. Nimekula na yule kijana meza moja. Nikija hapa nikamsikia anauliza kama tumeshakula, kosa liko wapi? Yule siyo Lwitiko. Lwitiko tulimzika. Huyu ni yai."

"Kama ni yai tu, afande, mbona unataka kumsikia?"

Alipiga ardhi kwa fimbo yake, polepole.

Nisijifanye mtakatifu, hata mimi nilitaka kumsikia. Pale ndani, kabla hajaanza kuomba gari la wagonjwa, nilikuwa nimefurahi kuliko nilivyofurahi kwa miaka mingi. Nikachomeke pini nizime kicheko kile kwa mikono yangu? Na kwa haki gani? Desturi ya kikosi kilichokwisha kuvunjwa haina nguvu mbele ya sheria, na aliye hai mwenye haki zaidi kuliko sisi wote alikuwa ameketi mwisho wa benchi, anakunja na kukunjua zile tepe za dhahabu.

"Picha za baba tunazo nyingi," alisema Tusekile. "Sauti hatuna. Simu ya mama ilipotea kwenye mafuriko. Nimejifunza hapa jinsi baba alivyokuwa akicheka. Nilikuwa sekondari, tukaletwa na shule, nikasikia mtu anacheka kama ninavyocheka mimi." Alizikunja tena zile tepe. "Sasa mnaniambia nimzike. Na maziko ya kwanza sikuwepo."

"Sijakuambia, mwanangu."

"Lakini unataka."

"Nataka kufanya kazi yangu," nilisema. "Nilichomoa pini, sikuzirudisha. Hicho ndicho ninachokijua. Nikikuumiza wewe ili nimalize kazi yangu, hilo silijui."

Aligeuka akatazama mbali. Kwenye uwanja wa zamani wa kurukia ndege, mbuzi walikuwa wanakula majani yaliyoota kwenye nyufa.

"Akizunguka," aliuliza, "anajua kwamba anazunguka? Au kila mara ni mara ya kwanza?"

Tukatazamana mimi na Meja. Hakuna kati yetu aliyejua. Pacha anayeachwa angani hivyo hakuwahi kutokea.

"Mpaka fundi aseme anazo pini, mtu anaweza kuzungumza naye maneno ya kawaida," nilimwambia. "Twende tukamuulize."

* * *

Mimi ndiye niliyepanda ngazi. Tusekile alisimama chini yangu, mkono kwenye chuma. Yai lilikuwa mahali pake, mbele ya kiti kitupu ambacho walikibadilisha ngozi.

"Kozi Saba," nilisema. "Fundi hapa."

Mngurumo ulishuka ghafla. Sauti ilipokuja ilikuwa ya mtu aliyeamshwa.

"Nyamizi? Ulikuwa wapi? Nimekuita."

"Nilikuwa mbali. Kulikuwa na maji. Nieleze, umezunguka sana?"

"Sijui, Fundi. Kuna jambo linanisumbua, sikulisema redioni, mngesema nimechanganyikiwa."

"Sema."

"Mafuta hayaishi. Natazama geji, iko palepale. Ndege gani haiishi mafuta? Natua, nasikia watu wanapiga makofi. Nawaambia rubani ameumia, wanapiga makofi, halafu wananyamaza. Nikasema labda siko Ilangwe. Labda nimempeleka mahali pasipo pake." Alikohoa, kile kikohozi cha Lwitiko cha asubuhi. "Mimi ni pacha tu, Fundi, nikipotea sawa. Lakini huyu ana mke. Nisaidie nimfikishe."

Nilitazama chini. Tusekile alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Machozi yalimtoka bila sauti, akatikisa kichwa kama anayemkatalia mtu, kisha akaacha kutikisa.

"Mimi ni mmoja wa waliokuwa wakinyamaza," alisema. "Mpokee."

"Una hakika?"

"Mpokee, mama. Ila nataka nimwambie mimi, habari ya baba. Inaruhusiwa?"

Kwenye taratibu zetu hakuna mahali panapomtaja binti wa rubani. Nilimgeukia Meja. Alikuwa amevua kofia yake ya mstaafu, ameikumbatia kifuani.

"Inaruhusiwa," alisema kamanda wangu.

Nikashuka ngazi. Nikazitoa pini mkobani, nikaziinua mbele ya kioo ambapo zamani rubani angeziona.

"Kozi Saba, pini ninazo."

"Asante, Mungu," sauti ikasema, na kweli ilisikika ikipumua.

"Umeleta nini?"

"Ndege nzima, kioo cha mbele kimepasuka. Abiria wote wazima. Rubani mmoja, hajibu."

"Rubani amefika," alisema Tusekile. "Ulimfikisha Mkunde. Daktari alikuwepo. Lakini alikuwa amekwisha kufa njiani, huko huko hewani. Usingeweza kufanya zaidi."

Apaikunda alikuwa analia waziwazi.

"Wewe nani?" pacha aliuliza.

"Tusekile. Binti yake."

"Lwitiko hana binti. Mke wake ana mimba tu."

"Ndiyo mimi."

Mngurumo ulibadilika, ukawa mdogo. Nilijua anafanya hesabu, kama alivyokuwa akipiga hesabu ya upepo na mafuta.

"Una sauti ya mtu mzima," alisema. "Basi nimechelewa sana."

"Hukuchelewa," Tusekile alimjibu. "Mimi ndiyo nimekuja sasa hivi."

"Cheka kidogo nikusikie."

Alijaribu. Kilichotoka kilikuwa nusu kilio, lakini kilikuwa kicheko, kile kile, kinachoanzia puani. Pacha akacheka naye. Kwa kitambo kifupi banda lile lilikuwa na vicheko viwili vya Lwitiko, na sikuweza kuvitofautisha.

"Fundi," alisema kisha. "Mmeshakula?"

"Tumeshakula."

"Nilijua tu."

"Nimekupokea," nilisema.

Nikapiga magoti. Pini ya kwanza iliingia bila taabu, na ya pili. Ya tatu ilikataa, kwa sababu warembaji wale walikuwa wamepaka rangi mpaka ndani ya tundu. Nikachokonoa kwa ufunguo wa nyumbani kwangu, nikitukana kwa sauti ya chini, na Tusekile akapiga magoti kando yangu akaushika utepe usiniingie machoni. Rangi ilipobanduka nikampa pini. Aliichomeka yeye, mpaka ikalia kidogo mahali pake.

Mngurumo ukaisha. Nje niliwasikia wageni waliotolewa wakiuliza kama onyesho lingine litakuwa saa ngapi, na Apaikunda akajipangusa uso, akaenda kuwaambia.

Tusekile alipanda ngazi, akaweka kiganja juu ya yai.

"Bado lina joto," alisema.

"Litapoa taratibu," nilimwambia. "Ndivyo yanavyokuwa, ndege ikisharudi."